Msamaha wa Kodi ya Baba Alois

Bukene, Jumapili 29 Aprili 1951

Nimeandika jina langu kwenye jalada: Eustadia, mama Alois. Masista wa Tabora walinifikisha darasa la tatu, kisha nikaolewa. Mkono umezoea jembe, kalamu inateleza. Nitaandika hivyo hivyo.

Mvua zimekwisha, nadhani. Mpunga wa majaruba ya juu umeanza kugeuka rangi.

Nianze na mwanangu, maana ndiye mwenye nyumba. Alois ana miaka sita. Hasemi. Ukimwita hageuki, lakini ukimenya karanga chumba cha pili anakuja. Hapendi kuguswa kichwa. Ngoma ikilia huziba masikio, hulia mpaka atapike. Gari la moshi hulisikia kabla yetu sote. Huanza kuyumba taratibu, nasi ndipo tunajua linakuja. Punje za mahindi huzipanga mstari uani, nyekundu peke yake na nyeupe peke yake, na mstari wake haupindi. Mimi mtu mzima siwezi kupanga hivyo. Ya uso wake sisemi, watu wataona najisifu. Ana macho ya marehemu baba yangu, basi.

Shida ni moja. Anakimbia, na anakokimbilia ni reli. Mwaka jana msimu wa asali, Damas akiwa porini kwenye mizinga yake, Alois alikutwa amelala kifudifudi, sikio juu ya chuma. Damas aliposikia alirudi, na porini hakwenda tena. Kwa hiyo asali hakuna, nta ya kuuza hakuna.

Jumatano 2 Mei

Nimekata mpunga kidogo. Alois kakimbia mara mbili.

Jumamosi 5 Mei

Tarishi wa mtemi amepita na baiskeli, anasoma majina ya wasiolipa kodi. La Damas limesomwa mara mbili, la mwaka jana na la mwaka huu. Mume wangu alisimama akasikiliza, akasema, "Nimesikia," akarudi kushona mzinga wake wa gome kana kwamba ameambiwa habari za jirani.

Baada ya kula ndipo akasema, "Mama Alois, bwana wa manamba yuko stesheni. Anaandika watu wa kwenda mkonge, Tanga. Kodi yote wanalipa wao, halafu unakatwa huko huko."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na nusu."

"Na Alois?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Hujaniuliza, baba Alois. Umenipa habari."

Akacheka puani. Gari la manamba linaondoka tarehe kumi na tano mwezi ujao. Asipolipa na asipokwenda, watamfunga na kumlimisha barabara. Njia zote mbili hayupo nyumbani. Shamba na mtoto anayekimbia ni kazi ya watu wawili, nami ni mmoja. Mtu wa pili ni Damas.

Jumanne 8 Mei

Mama mkwe anaishi nyumba ya pili, uwanja mmoja na wetu. Leo tena ameondoka saa nne kwenda kukata majani ya kufanyia fagio. Kila Jumanne na kila Ijumaa ni fagio. Fagio zetu sasa zinatosha kufagia njia mpaka Puge. Siku kama ya leo, mpunga unadondoka, angekaa tu na mjukuu wake nikakate. Lakini anamwonea haya. Juzi alisema mbele ya wageni, "Huyu ni wa mwanangu, mwenzenu sijui nimwite nani." Nilimpa maji ya kunywa, nikarudi kwenye kinu.

Jumatano 9 Mei

Zamda amekuja kuchukua mchele. Mumewe, Saidi fundi cherehani, anashona pale mbele ya stesheni, na makarani wote wanavaa kazi ya mikono yake, kwa hiyo hakuna jambo la serikali lisilopita kwenye sindano.

"Shoga," akasema, "kuna msamaha. Wazee wasiojiweza na vilema hawalipi. Na mwenye mzigo mkubwa wa mgonjwa pia, baraza likiridhika. Karani Modest mwenyewe kamwambia mume wangu akipimwa suruali."

"Alois si mgonjwa."

"Sawa, si mgonjwa. Mwambie mumeo akaombe."

Damas hakupenda. "Mwanamume mzima nikaombe kusamehewa kodi, watu watasemaje?"

"Watasema una mtoto."

Akachukua mzinga wake, akashona mishono miwili. Kisha akasema, "Baraza linakaa Jumatano."

Alhamisi 17 Mei

Damas alikwenda barazani jana, jina lake limepokelewa. Tumepangiwa tarehe 23, na mtoto aletwe aonekane.

Jumatatu 21 Mei

Nimemfunza Alois kukaa mkekani. Nampa karanga moja, anakaa. Nampa nyingine, anakaa. Leo alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika kinuni. Zamda kanishonea kaptula na shati jeupe kwa kitambaa kilichobaki. Sitaki wazee wa baraza wamwone mwanangu kama mtoto asiye na mama.

Jumatano 23 Mei

Nimerudi, miguu inaniuma, na sijui nicheke au nilie. Naandika yote.

Tuliamka mapema. Nilimwogesha Alois kwa maji ya moto, nikamkata kucha amelala, nikampaka mafuta ya karanga mpaka magoti yanang'aa. Tumetembea saa mbili, Damas kambeba begani. Watu njiani walitusalimu, "Mwangaluka," wakamtazama wakadhani tunampeleka komunyo.

Tulipofika, wazee walikuwa bado barazani wanacheza bao. Mkubwa wao ni Mzee Ngollo, ambaye nyumba yake haiko mbali na stesheni yetu, mtu mrefu mwenye kikohozi na maneno mengi. Alois akaona kete. Akashuka begani mwa baba yake, akaenda moja kwa moja, akakaa. Wale wazee walipoitwa ndani, mwanangu akabaki na lile bao, anajaza mashimo kete mbili mbili, anayamaliza, anayamwaga, anaanza tena. Hakulia. Hakukimbia. Nilijua anavyopenda vitu vya kupanga, lakini sikuwahi kumwona ametulia hivyo mbele ya watu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijaa kiburi. Nilitazama huku na huku nione kama wanamwona.

Walimwona. Tulipoitwa, Mzee Ngollo alitoka hadi mlangoni akamwangalia kwa kitambo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, baba," Damas akasema.

"Huyu ndiye anayekuzuia kulipa kodi ya mtemi? Nina wajukuu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja wa kukaa kimya namna hii. Tukubadilishie?"

Baraza zima likacheka. Damas akajaribu kueleza habari za reli, za ngoma, za kutosema. Mzee Ngollo akasema, "Hasemi? Mshukuru Mungu. Wangu hawanyamazi." Wakacheka tena. Karani Modest, kijana mwenye miwani, akaandika: Mtoto ni mzima, safi, mtulivu. Ombi limekataliwa.

Mzima, safi, mtulivu. Nimeyasoma mwenyewe yakiwa juu chini, kwa kuwa karani hakudhani najua kusoma. Kama ingekuwa siku nyingine ningeomba karatasi ile nikaitundike ukutani.

Njiani Damas hakunilaumu. Alisema tu, "Umemwosha mno."

Alhamisi 24 Mei

Sikukuu ya Mwili wa Bwana. Hatukufuata maandamano, kuna ngoma.

Jumamosi 26 Mei

Zamda ananisema tangu asubuhi. "Wewe, mama Alois, umekwenda kuomba msaada au kuposa? Mtu akienda kuomba huvaa kanga ya kuombea. Rudi tena. Safari hii usimwoshe siku tatu. Mpake majivu, mvalishe gunia. Halafu mtu apige debe nje, alie, wamwone."

"Nimpigie debe mwanangu kwa makusudi?"

"Mara moja tu. Mara moja, au mwaka na nusu peke yako?"

Zamda ananipenda. Ndiyo maana maneno yake yanauma.

Jumanne 29 Mei

Damas ameandikwa kwa bwana wa manamba. Wamempa namba kwenye kibati, hawajampa blanketi mpaka siku ya gari. Amenionyesha kile kibati kama mtoto anayeonyesha kidonda. Mama mkwe kaenda kwenye fagio zake.

Jumapili 3 Juni

Tumemaliza jaruba moja. Yamebaki matatu, na ndege hawana Jumapili.

Jumatano 6 Juni

Asubuhi nilichukua majivu ya jikoni. Naandika ukweli. Sikumwosha siku mbili, na leo nikachovya kiganja kwenye majivu nikampaka shavu la kulia. Alois hakulia. Alikwenda kwenye mtungi, akachukua kata, akanipa, akainua uso. Ndivyo tunavyofanya kila asubuhi na alikuwa anangoja nifanye.

Nilimwosha. Nilimwosha kuliko siku ile ya kwanza, nikamvisha shati lake jeupe.

Damas alikuwa anatazama. "Basi tusiende," akasema.

"Tunakwenda."

Barazani palikuwa na watu wengi zaidi. Mzee Ngollo alipotuona akasema, "Mtulivu karudi. Leteni bao." Hapo Damas akafungua mdomo, nami nikamtangulia. Mwanamke hasemi pale bila kuulizwa, najua. Nilipiga magoti kwanza nikasema shikamooni, wakaitika marahaba, kisha sikunyanyuka.

Nikasema, "Baba zangu, mlimwona mwanangu kwa muda wa kucheza bao, mkasema ni mtulivu. Mlisema kweli. Sikuja kumsema vibaya. Nimekuja kuomba mzee mmoja kati yenu akae naye kutwa. Toka jua kuchomoza mpaka mimi nirudi kutoka shamba. Akimaliza siku hiyo aseme alichoona, nami sitaongeza neno."

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee Ngollo si alitaka kubadilishiwa?"

Kicheko kama kile sijapata kukisikia. Hata karani alivua miwani. Mzee Ngollo akakohoa, akacheka naye, akasema, "Mlete Ijumaa. Nimechunga ng'ombe arobaini nikiwa kijana, nitashindwa na mtoto mmoja?"

Ijumaa 8 Juni

Nilimpeleka alfajiri. Nyumba ya Mzee Ngollo ina wake wawili, wajukuu, na uwanja uliofagiwa. Nilieleza yote: usimguse kichwa, chakula kisigusane na mboga, msitwange karibu naye, na saa sita mumshike maana leo, kama Jumanne, ni siku ya gari. Mzee akaitikia kila neno kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichotaka kununua. "Nenda kavune, mwanangu."

Nikaenda. Sijui kama nilikata mpunga au nilikata vidole. Damas alikuwa jaruba la pili, naye anatazama jua. Tulikuwa tumekubaliana tusiende kuchungulia, neno langu lisije likageuzwa. Lakini Alois hayumo katika kukubaliana kwetu. Kwa kuwa nasema ukweli humu: nilimweka mwanangu rehani ili waone. Nilipofikiri hivyo nikatupa kisu.

Tulikimbia, mimi na Damas, tukikata moja kwa moja kwenye njia ya zamani, ile ya misafara. Gari tulilisikia likipiga honi. Likapita kabla hatujafika.

Hiki ndicho nilichokiona. Juu ya tuta, hatua kama ishirini kutoka kwenye reli, Alois amekaa, miguu imenyooshwa, anatazama mkia wa gari ukipotea upande wa Mwanza. Kiunoni amefungwa kanga, na ncha ya pili ya kanga imefungwa kiunoni mwa mama mkwe wangu. Mbele yao majani ya fagio mafungu manne, hayajafungwa hata moja. Mzee Ngollo amekaa vumbini, kiatu kimoja, kanzu imechanika, anahema. Nyuma yake wake zake, wajukuu, mbwa, na mtu aliyekuja kuazima shoka.

Mama mkwe akanitazama. "Unashangaa nini? Amekuja kama kawaida. Akimtoroka mtu yeyote, Jumanne na Ijumaa anafikia kwangu."

"Mama, tangu lini?"

"Tangu mwaka jana alipolaza sikio. Ungejua, ungeacha kumkimbiza. Mtu akijua kuna mlinzi hulala." Akafungua kanga. "Na mimi sijui kukaa naye nyumbani, ananishinda. Hapa ninaweza. Hapa tunangoja kitu kimoja."

Mwaka mzima nimehesabu fagio za mama huyu kwa hasira. Nilipiga magoti nikamshika miguu, akanifukuza nisimchafulie kanga.

Mzee Ngollo alipopata pumzi akasema, "Mama Alois. Kabla ya saa tatu kapanda kwenye kihenge. Saa nne kamwaga mtama wote wa togwa kuupanga. Mke mdogo katwanga, basi, kilio, nikadhani tumemvunja mkono. Kisha nikakohoa tu, nikageuka kutema mate, hayupo. Kikohozi kimoja." Akanyoosha kidole kimoja. "Unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku, baba. Na mvua ikinyesha."

Akamtazama Alois, ambaye alikuwa anapanga kokoto za reli. "Lakini mstari wake," akasema, "haupindi."

"Haupindi, baba."

Jumamosi 9 Juni

Nimelala kutwa. Mama mkwe kapika.

Jumatano 13 Juni

Baraza lilikaa. Mzee Ngollo akasimulia siku yake, na hakujificha. Alisema hata ya kiatu. Walicheka, naye akawaacha wacheke mpaka wakamaliza, kisha akasema baba mtoto asipokuwepo mama huyu atashindwa, na akishindwa yeye mtoto atakufa kwenye reli. Hapo hakuna aliyecheka. Wakakubali msamaha, wa mwaka jana na wa mwaka huu, na kila mwaka Damas arudi kuomba.

Karani Modest akafungua kitabu. "Sababu," akasema. "Kuna uzee, kuna ukilema, kuna kichaa. Naandika kichaa."

Nikasema, "Hilo usiandike."

Damas akanivuta kanga. Karani akainua macho. "Mama, ni neno tu. Bila sababu hakuna msamaha. Unataka msamaha au hutaki?"

"Nautaka. Lakini mwanangu atakua. Siku moja mtu atafungua kitabu hicho atafute jina lake, na hilo ndilo atakalolikuta. Si kichaa. Mlimwona ninyi wenyewe."

"Basi niandike nini?"

Sikujua. Kweli sikujua, sina neno lake, na masista hawakunifundisha. Nilisimama pale, msamaha uko kwenye ncha ya kalamu ya mtu, na nikaona nitaupoteza kwa mdomo wangu. Siku mbili zimebaki gari la manamba liondoke. Damas akaniachia kanga. Akasogea akasimama karibu yangu, bega kwa bega, akamwambia karani, "Mama yake amesema lisiandikwe."

Mzee Ngollo akakohoa sana. "Karani," akasema, "baba yangu alikuwa mpagazi. Kutoka Unyanyembe hadi pwani, mara sita. Aliniambia: njiani mtu akiwa na ndugu wa kushikwa mkono, mnyapara anampunguzia mzigo, wenzake wanagawana. Haulizwi ndugu ana nini. Inatosha kwamba mikono yake haiko mitupu. Andika hivyo."

"Niandike mikono, mzee?"

"Andika: Baba anahitajika nyumbani."

Karani akaangalia kitabu chake, akaangalia wazee. Hakuna aliyempinga. Akachovya kalamu akaandika, taratibu, maana nafasi ilikuwa ndogo. Nikamwomba anigeuzie kitabu. Akageuza, huku anatabasamu, akidhani nataka kuona wino tu. Nikasoma kwa sauti mbele ya baraza zima, neno kwa neno, jina la Damas, jina la kijiji, na sababu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe anasoma," na mume wangu akajibu bila kugeuka, "Anasoma."

Ijumaa 15 Juni

Gari la manamba limepita leo. Damas alikirudisha kibati chake jana. Bwana yule alimtukana kidogo, akakipokea. Leo saa sita alikuwa juu ya tuta na Alois na mama mkwe, wote watatu mstari mmoja. Mimi nilikuwa kwenye jaruba la mwisho. Nilikata mpunga, nikafunga, nikakata, mpaka kivuli kikarudi upande wa pili, ndipo nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sijageuka kutazama nyuma hata mara moja.